Sahihi Yangu

Mdogo wangu amekubaliwa kusoma uzamili wa uhusiano wa kimataifa, Nairobi. Karo haipo. Kilichopo ni kiwanja alichotuachia marehemu baba hapa Shela, na mzungu anayekitaka. Imebaki sahihi yangu tu.

Niseme mapema: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na karo yangu ilishakula mashua ya baba. Kwa hivyo nikianza mawaidha kuhusu ardhi, nyumbani wananitazama tu.

Dada yangu ana hoja. Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague ilichora mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia, mstari unaoanzia pwani ya kaunti hii yetu. Kenya ilikuwa imesusia kusikilizwa kwa kesi mwezi Machi. “Wavuvi wetu wanajua maji yakijaa na yakitoka,” anasema, “lakini mle ndani watu huzungumza latitudo na mikataba. Nani wetu anaijua lugha hiyo?” Kweli, nani?

Nami nikamkumbusha ufuo huu huu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wapate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuivamia Lamu wakapigwa hapa mchangani. Halafu washindi, kwa kuogopa kisasi, wakamwomba Sayyid Said wa Omani awalinde. Akaleta liwali. Walishinda vita, wakaishia chini ya mtu mwingine.

“Wangefanyaje, kaka? Wangoje kuchinjwa?”

Sikuwa na jibu. Ila kinachonikera mimi ni hesabu. Anaota Umoja wa Mataifa, na mafunzo ya kazi kwenye Sekretarieti yao hayana mshahara. Akishapata shahada, miezi hiyo tutauza nini tena? Vichochoro vya Shela vimejaa nyumba nzuri ambazo wenyewe huja Disemba. Mashua ingeoza siku moja, sawa, lakini kiwanja kikishaenda kwa bei za hapa hatukirudishi. Je, nina haki ya kuwalindia watoto ambao hawajazaliwa kitu ambacho yeye anakihitaji leo? Na mimi, niliyekwisha kula fungu langu, ndiye wa kulinda?

Nilimuuliza haya yote jana barazani. Akakunja karatasi zake taratibu.

“Mashua ilipouzwa nilikuwa darasa la nane,” akasema. “Mimi sikuulizwa.”

Wakili anakuja Jumamosi.