Neno la siri, dhana na amana

Siku moja, nikiwa nimetoka kuswali Adhuhuri, nilirudi mezani kwangu ofisini nikakuta mshale wa kompyuta unatembea wenyewe. Kitini hakuna mtu. Nilipopiga simu, fundi wetu wa kompyuta akanijibu kwa utulivu: "Ni mimi, Ustadhi. Niko Mbagala, narekebisha printa." Printa ikapona. Mimi nikapata maradhi mengine: dhana.

Kwenye kompyuta ile nilikuwa nimehifadhi maneno ya siri ya baruapepe yangu na ya benki. Wiki nzima nikawa namtazama kijana yule kwa jicho la pembeni, hata salamu yake naijibu nusu. Hakuna senti iliyopotea.

Ndugu msomaji, hapa haki ni ya nani? Kompyuta ni mali ya mwajiri, naye ana haki ya kuitengeneza hata kwa mbali. Lakini aliyepewa ufunguo wa nyumba ili azibe bomba, hakuruhusiwa kufungua kabati. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Hapa Tanzania ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hata hivyo, aya hiyo hiyo, kabla ya upelelezi, inaanza kwa kukataza dhana. Nilimhofia fundi kwa kosa la pili, kumbe la kwanza nimeshalitenda mimi!

Wapo watakaosema: asiye na la kuficha anaogopa nini? Hoja hiyo ni dhaifu. Mlango haufungwi kwa kuwa ndani mna uovu. Unafungwa kwa kuwa ndani mna sitara.

Basi tufunge milango. Anayeiendesha kompyuta yako kwa mbali wakati umeiacha wazi ni kama amekaa kwenye kiti chako: maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye programu ya intaneti yanamfungulia kila mahali. Vitone vinavyoficha herufi si kinga, maana zipo programu zinazonakili kila unachobonyeza. Baruapepe ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwani anayeishika anaweza kubadilisha maneno yako mengine mengi ya siri. Mambo yako binafsi yafanye kwenye simu yako. Maneno uliyokwisha kuyahifadhi kazini yafute, kisha weka mapya ukitumia simu hiyo, si kompyuta ile ile. Weka na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiinuka, funga kompyuta.

Kufanya hivyo si kumtuhumu mtu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kamba ile haikumwita jirani mwizi. Ilimwepusha jirani na kishawishi, na mwenye ngamia ikamwepusha na dhana.

Mimi nilifuta yangu yote, kisha nikamfuata yule kijana nikamwomba radhi. Alishangaa, kwani hakujua kuwa nilikuwa nimemhukumu.

Wallahu aalam.