Deni la Ufuo: Kujitolea kwa Ajili ya Pwani katika Mizani ya Fikihi

Swali la iwapo kazi ya kutunza njia za pwani na viumbe wa baharini bila ujira ni hisani ya mtu mwenye moyo mwema, au ni wajibu unaomkalia kila anayeishi kando ya maji, lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua nani anastahili shukrani, nani anastahili lawama na nani anamdai nani. Katika pwani ya Afrika Mashariki swali hili huulizwa ndani ya jamii ambazo kwa karne nyingi zimepima matendo yao kwa mizani ya Uislamu, hasa kwa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, ya madhehebu ya Shafi, na kwa hiyo inafaa lijibiwe kwanza kwa zana za fikihi hiyo kabla ya kuazima zana za kwingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba anayejitolea kwa ajili ya ufuo hulipa deni la watu wengi, na kwamba waliobaki majumbani huwa wadeni wake hata kama mwenyewe hadai kitu.

Mfano wa Gazi, kijiji cha Kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, unaonyesha kazi yenyewe ilivyo. Huko kikundi cha wanawake huendesha daraja la mbao linalopita katikati ya msitu wa mikoko, ambalo wageni na wanafunzi hulitembea kwa kulipa ada, na ambalo lazima likaguliwe na kukarabatiwa kila mara kwa kuwa maji ya chumvi na jua huzila mbao na kuitia kutu misumari. Umuhimu wa daraja la namna hii haueleweki mpaka mtu ajue jinsi msitu huo unavyoishi. Mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya tope, na nyayo zikipita mahali pamoja siku baada ya siku vijiti hivyo huvunjika, tope hushindiliwa, na miche michanga hukosa mahali pa kushika. Mbao zilizoinuliwa juu ya tope humfikisha mtu ndani ya msitu bila kuukanyaga. Hali ni hiyo hiyo juu ya mwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hukupwa mbali sana na watu huweza kwenda kwa miguu mahali ambapo saa sita baadaye patapita ngalawa: njia moja iliyowekewa alama huwazuia watu mia kuchagua njia mia, na matumbawe yanayovunjika huwa ya ukanda mwembamba tu. Njia ya pwani, kwa hiyo, ni mpaka anaowekewa binadamu kabla ya kuwa starehe anayopewa.

Fikihi inayo dhana iliyo karibu sana na hii, nayo ni harimu, eneo linalokizunguka kisima, chemchemi au mto, ambalo haliruhusiwi kumilikiwa na mtu binafsi wala kujengwa, ili maji yasichafuliwe na watu wasizuiwe kuyafikia. Makusudio hayo mawili, ulinzi wa maji na haki ya kuyafikia, hayatengani, kwani kinachofungiwa watu huishia kusahauliwa nao, na kilichoachwa bila mpaka huharibiwa. Sheria za nchi zimefika karibu na hapo kwa njia nyingine: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo katiba haizoi taka wala haigongomei ubao uliolegea, na hapo ndipo suala la mikono ya watu linapoingia.

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira, katika mkusanyiko wa hadithi wa Muslim, kwamba imani ina tanzu sabini na kitu, ya juu kabisa ikiwa ni kumpwekesha Mungu na ya chini kabisa kuondoa njiani kile kinachowaudhi watu. Mafunzo mengi hupita haraka juu ya utanzu huo wa mwisho kana kwamba uchini wake ni udogo wa thamani, ilhali hadithi inauweka ndani ya imani yenyewe. Uchini wake unaweza kufahamika kuwa ni ukaribu: ni utanzu ambao hakuna anayeukosa kwa umaskini, kwa kutojua kusoma au kwa udhaifu wa cheo. Lipo jambo jingine lisilosemwa vya kutosha, nalo ni kwamba anayeondoa mwiba njiani hamjui atakayepita baada yake. Mwanachuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya yake kuchambua kupenda cheo na riya, yaani kutenda wema ili uonekane, na kwa kipimo chake kazi inayomnufaisha mpitaji asiyejulikana ina nafasi nzuri ya kubaki safi, maana hakuna uso wa kuutazamia shukrani.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Njia za matembezi ya ufuoni ni za kupumzikia, na huenda mtu akauliza ni kwa nini jasho lenye thamani ya ibada limwagwe kwa ajili ya burudani ya wengine, tena mara nyingi wageni wa hoteli. Jibu ni kwamba kutembea na kutazama si upuuzi katika Qurani, ambayo katika Surat al-Ankabut, aya ya 20, inaamrisha watu waende katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Tafakuri, yaani kuutazama ulimwengu kwa kuuzingatia, ni ibada. Na anayeihitaji zaidi njia hiyo ni mtoto wa mjini ambaye kuta za majumba na hoteli zimemzibia vichochoro vya kwenda baharini, kiasi kwamba anaweza kukulia umbali wa dakika chache kutoka kwenye mwamba bila kuwahi kumwona kaa akirudi shimoni mwake. Kumnyima mtoto huyo njia ni kumnyima sehemu ya elimu yake.

Msingi wa wajibu huu ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze bila kukimiliki. Surat al-Ahzab, aya ya 72, inaeleza kwamba amana ilidhihirishwa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba, binadamu akaibeba. Katika fikihi aliyewekeshwa mali ya mwenzake akaitunza haitwi mkarimu, lakini akizembea ikaharibika hudaiwa fidia. Fikra hii ilipata kujaribiwa katika kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kisiwa kidogo chenye ufuo wa kasa, njia za miguu ndani ya msitu na mapango yanayoheshimiwa, ambacho masimulizi ya Wapemba yanakihusisha na nabii Hadhara aliyesali hapo. Kisiwa kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na muda mfupi baadaye shirika la CARE lilishirikiana na taasisi ya IFEES ya Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ili mafunzo ya uhifadhi yatolewe kwa misingi ya Qurani. Wavuvi waliokuwa wakiijua hifadhi kama amri ya serikali wakaisikia ikielezwa kama amana, na tofauti hiyo ni kubwa, maana amri hukoma anapoondoka mlinzi, ilhali amana humfuata mtu hadi baharini usiku.

Amana hii ni ya jamii nzima, na hapo fikihi huleta mgawanyo wa fardhi aini, inayomlazimu kila mtu peke yake kama sala tano, na fardhi kifaya, inayoilazimu jamii kwa jumla kama kuzika maiti: wakitosha baadhi kuitekeleza, wengine huvuliwa lawama, na asipopatikana wa kuitekeleza, lawama huwapata wote. Imamu al-Juwayni, mwalimu wa al-Ghazali aliyefariki mwaka 1085, aliona kwamba kusimamia fardhi kifaya kunaweza kuzidi fadhila ya fardhi aini, kwa kuwa wa kwanza anaokoa umma mzima na wa pili anajiokoa mwenyewe. Kwa bahati mbaya nusu ya kanuni hii ndiyo iliyozoeleka. Watu husikia kwamba wakifanya wachache lawama huondoka, wakatulia, bila kujiuliza iliondolewa kwa gharama ya nani.

Gharama hiyo huonekana wazi katika vijiji ambavyo hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Pweza hukua upesi na huishi muda mfupi, kwa hiyo kufunga huko huleta matokeo ambayo wavuvi wenyewe huyaona siku mwamba unapofunguliwa. Lakini mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu hana chombo cha kumpeleka kwenye mwamba mwingine kama alicho nacho mwanamume mwenye mtumbwi, na miezi hiyo ni ya kujinyima mboga na pesa ya mafuta ya taa. Kujinyima huku ni kujitolea kwa daraja ya juu kuliko siku ya kuokota chupa ufuoni, na bado ni nadra kuhesabiwa popote.

Je, anayelipwa kwa kazi ya kuitunza pwani hupoteza thawabu? Mjadala wa kale kuhusu ujira wa muadhini unasaidia hapa. Imamu Shafi katika kitabu chake al-Umm alipendelea waadhini wawe ni watu wanaojitolea, na akasema kiongozi asitumie mali ya umma kumlipa mtu ikiwa yupo mwaminifu wa kuadhini bila malipo. Asipopatikana, malipo yanaruhusiwa. Mpangilio huu unafaa sana kwa walinzi wa mwamba na watengenezaji wa njia, kwa sharti moja ambalo ni lazima lisisitizwe: kujitolea kwa mwaminifu kusigeuzwe kisingizio cha kumlaza na njaa. Kikundi kinachokesha kulinda mwamba bila hata tochi wala buti, huku mapato ya utalii yakiingia mifuko mingine, hakipewi heshima ya kujitolea, kinadhulumiwa.

Kuhusu nia yenye pande mbili, ya thawabu na ya riziki, Qurani imekwisha kutoa ruhusa katika mahali patakatifu kuliko pwani yoyote, kwani Surat al-Baqara, aya ya 198, inaondoa dhambi kwa wanaotafuta riziki wakiwa katika Hija. Basi wakazi wa Gazi, ambao tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja huhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya kiasi cha hewa ya ukaa iliyofyonzwa na kuhifadhiwa na miti na tope, hawana sababu ya kuona kwamba maji ya bomba na vitabu vya shule vilivyonunuliwa kwa mapato hayo vimeitia doa nia yao. Ambalo lingeitia doa ni usiri wa hesabu.

Amri ya mwenyekiti wa kijiji inayomtoza faini asiyefika siku ya kusafisha ufuo ni suala jingine. Kiongozi ana haki ya kuwalazimisha watu fardhi kifaya iliyoachwa na wote, lakini kazi iliyolazimishwa ni ushuru wa nguvu, nayo ihesabiwe hivyo na kugawanywa kwa haki kati ya tajiri na maskini.

Linabaki deni gumu kuliko yote, la takataka ambazo bahari huzileta kutoka mahali pasipojulikana wakati wa kusi na wa kaskazi. Kanuni ya dhamana inamlazimisha aliyesababisha madhara kuyalipia, na asipojulikana inaweza kutetewa kwamba mzigo uiangukie Baitulmali, hazina ya umma. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, hatua ambazo zinaweza kusomwa kama umma kukubali sehemu ya dhamana hiyo, ingawa chupa za vinywaji hazikuguswa na ndizo zinazoendelea kurundikana kwenye mizizi ya mikoko. Chupa, hata hivyo, huwa na jina la aliyeitengeneza. Kwa sababu hiyo vikundi vinavyohesabu na kuandika aina na chapa ya kila wanachookota vinastahili kuungwa mkono kuliko vinavyozoa na kuchoma tu, kwani orodha hiyo humtaja mwenye kuwajibika, na humpa mtunga sheria mahali pa kuanzia kudai gharama za kusafisha ufuo kutoka kwa anayezitengeneza na kuziuza chupa hizo.