Uwongo wa Chupa

Katika vichochoro vya Ngamiani mjini Tanga, na katika vijiji vya pwani toka Moa hata Pangani, mafuta ya taa yameuzwa tangu zamani kwa kipimo cha chupa. Mnunuzi huja dukani na chupa yake mwenyewe, aghalabu iliyokuwa ya soda, akapimiwa mafuta ya usiku mmoja au mbili, akarudi nayo nyumbani. Huko huwekwa chini karibu na jiko, maana nyumba nyingi hazina kabati. Mtoto wa miaka miwili huamka mchana wa kaskazi na kiu, akaiona chupa, akapiga funda.

Nani aliyekosa?

Jibu la haraka ni kwamba amekosa mama. Jirani husema hivyo, mawifi husema hivyo, na mama mwenyewe husema hivyo kabla ya wote. Mtoto hapana anayemlaumu, na kwa haki. Lakini kutolaumiwa kwake si kwa sababu ya ujinga wake tu. Mtoto yule alisoma, tena alisoma sawasawa. Siku ya idi na siku ya arusi alionyeshwa umbo lile akapewa utamu ndani yake. Akajifunza kwamba umbo lile maana yake ni kinywaji. Alitii alama aliyofundishwa na wakubwa. Kilichosema uwongo ni chupa.

Tena msiba huo huzidishwa na mapenzi. Mafuta ya taa hayadhuru sana tumboni. Hatari yake kubwa ni mapafuni. Mama aliyefadhaika humtia mtoto kidole kooni, au humnywesha maziwa mengi ili atapike, na katika kutapika mafuta hupotea njia yakaingia kwenye pumzi. Kilichotakiwa kilikuwa kumwacha asitapike, na kumpeleka hospitali upesi. Mkono uliomdhuru mara ya pili ni mkono uliompenda kuliko yote.

Alama ya uwongo ina mfano wake ndani ya mwili wa mtoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, maelfu ya maili toka Uganda kuelekea kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, mjini London, walikuta virusi katika chembe za uvimbe huo. Mwaka 1982 mabingwa walionyesha jambo la ajabu zaidi: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikahamia kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamrisha chembe ikue na kugawanyika, hujikuta mahali ambapo amri haikomi.

Basi chembe ya saratani si adui aliyetoka nje. Ni chembe ya mwili ule ule, inayotii amri isiyokuwa na mwenye kuiamuru. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kuziua chembe zote zinazogawanyika kwa haraka, zenye hatia na zisizo na hatia. Baadaye wachunguzi walianza kuitafuta amri yenyewe. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu imatinibu, dawa ya saratani moja ya damu, ambayo huizima ishara ya uwongo mahali inapotokea.

Mtu aweza kupinga, na ana haki: chembe haina hiari, mama anayo. Alijua kilichomo katika chupa. Ni kweli, na sehemu yake ya lawama haifutiki. Lakini hiari huhitaji vitu viwili vya kuchagua kati yake, naye alikuwa na chupa moja. Nchini Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1990, nyumba za wilaya moja zilipewa vyombo vya mafuta vyenye vifuniko vigumu kwa vidole vya mtoto, na ajali za kunywa mafuta zikapungua karibu nusu. Mama walikuwa wale wale.

Siku hizi umeme na taa za jua vimepunguza mafuta ya taa majumbani, lakini chupa ya maji ya plastiki imerithi kazi ya chupa ya soda. Hubeba maji ya betri, hubeba dawa ya kung'arishia nguo, hubeba dawa ya wadudu iliyomiminwa rejareja bila jina wala onyo. Hapa lawama ni nzito zaidi, maana anayemimina anajua, tena anapata faida. Mwenye duka mmoja aweza kukataa kutia sumu katika chombo cha kinywaji. Akikataa, mteja, ambaye shamba lake linaliwa na viwavi, huvuka njia na chupa yake mkononi akaingia duka la pili.