Jumanne: Kilio cha Tamari

Soma 2 Samweli 13:1–22. Ni akina nani waliozungumza katika kisa hiki, na maneno ya kila mmoja yalizaa nini?

Yonadabu alitoa shauri la hila. Daudi, bila kujua, alituma ujumbe uliompeleka binti yake nyumbani kwa Amnoni. Tamari alimsihi kaka yake, hakusikilizwa. Baada ya kutendewa jeuri alirarua vazi lake, akajitia majivu kichwani, akaenda akilia waziwazi. Ndipo Absalomu akamtaka anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi naye alisikia, akakasirika sana, lakini Maandiko hayataji hatua yoyote aliyoichukua. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa (2 Samweli 13:23–29). Ukimya haukuiponya nyumba ile, ulilea kisasi.

Zanzibar ukimya wa namna hiyo una jina lake: muhali. Katika mtaa kama Kiembe Samaki, ambako watu wanajuana mlango kwa mlango, mtoto akidhalilishwa na mjomba au jirani, wazee wa pande mbili huweza kukaa, wakaombana radhi, na kesi ikaishia barazani. Mara nyingi shahidi hakatai ukweli. Anaona tu muhali kusimama mahakamani dhidi ya mtu wa nyumbani.

Vyombo vya habari vinaweza kuvunja ukimya huo. Mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na kundi lililowadhalilisha wasichana kwa maandishi ya ukutani, likijificha nyuma ya jina la bandia. TAMWA walilipigia kelele jambo hilo hadharani. Waliendelea kusema, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Maandishi yalimwangamiza mmoja. Maandishi yakawatetea wengi (Mithali 18:21).

Kanisa la Waadventista Wasabato nalo lilianzisha kampeni ya enditnow mwaka 2009. Lakini simu ya kila mshiriki pia ni chombo cha habari. Anayesambaza picha au jina la mtoto aliyedhalilishwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kumwombea, anamdhalilisha mara ya pili. Tamari alilia kwa hiari yake, hakuna aliyemtangaza. Habari za aliyeumizwa zipelekwe penye msaada: dawati la jinsia la polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mimbari na makundi ya simu yatangaze njia ya kufika huko.

Absalomu alitaka jambo lile lisisemwe. Roho Mtakatifu alihakikisha limeandikwa, na jina la mkosaji likiwemo, ingawa alikuwa mwana wa mfalme. Mungu hakuona muhali (Mithali 31:8, 9).

Mtoto akikutajia leo jina la mtu unayemheshimu kanisani, neno lako la kwanza litafanana na la Absalomu, au litakuwa lipi? Utampeleka wapi kabla jua halijatua?