Picha ya Nyumba na Neno la Dalali

Mwalimu ahamishwapo kutoka Mbeya kwenda Iringa, siku hizi hatafuti chumba kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Hufungua simu yake, na katika makundi ya WhatsApp ya madalali huviona vyumba vya Kihesa, vya Mkwawa na vya Ipogolo, kila kimoja na picha yake na kodi yake. Jambo hili ni jema, wala hatulilaumu. Njia ile ni ya kilomita zaidi ya 300, na nauli si kitu kidogo.

Lakini tuseme amefika, amelipa fedha ya kuonyeshwa, kisha anaambiwa kwamba chumba kile kilikwisha kupangishwa tangu mwezi uliopita. Nani aliyemdanganya? Dalali aliyempokea atasema, "Nami nilitumiwa tu." Aliyemtumia naye alitumiwa na mwenzake; na yule wa kwanza, aliyeipiga picha, siku ile alisema kweli. Basi uongo umefika Iringa, wala hapana aliyeusema.

Sisi twaona yuko. Atangazaye neno la mwenzake kwa kutaka ujira amelifanya neno lake. Hawezi kupokea faida kama mwenyewe, na lawama aikwepe kama mpita njia.

Walakini si haki kuwashutumu madalali peke yao. Watu huuliza kwa nini tangazo halitaji mtaa wala mwenye nyumba. Sababu yajulikana: wapangaji wengine wakiisha kuonyeshwa nyumba hurudi kwa siri, wakapatana na mwenyewe, dalali akaikosa kodi ya mwezi mmoja ambayo ndiyo ujira wake wa desturi. Huo nao ni wizi wa mshahara, ijapokuwa wafanyao huuita ujanja. Dalali aliyeibiwa hivyo hujifunza kuficha.

Huko Marekani madalali walianza kubadilishana orodha za nyumba mwishoni mwa karne ya 19, kwa mapatano kwamba aletaye mnunuzi agawiwe ujira. Si kwamba wao ni watakatifu: ujira huo uliwafikisha mahakamani, na tangu Agosti 2024 haupasi kutangazwa katika orodha zao nyingi. Lakini nyumba ikiisha kuuzwa, aliyeiandikisha hupaswa kuarifu.

Dalali wa Kihesa na mwenzake wa Mwanjelwa wanaweza kuanza leo. Kila picha iandikwe tarehe, na jina la dalali aliyeiona nyumba kwa macho yake, apate kuulizwa kabla mtu hajapanda basi. Na yule mwalimu arudishiwe fedha yake.