Je, Aliyeshindwa Amekosa Haki?

Mwaka 73 kabla ya Kristo, Spartacus, mtumwa aliyefunzwa kuuana na wenziwe ili watu wafurahi, alitoroka Capua pamoja na watumwa wapata 70. Yasimuliwa kwamba kabla ya vita ya mwisho alimchinja farasi wake: akishinda atapata wengi, akishindwa hatahitaji hata mmoja. Alishindwa, wafuasi wake wapata 6,000 wakasulibiwa. Sinema ya mwaka 1960 imewaliza wengi kwa ajili yake.

Mwaka 1944 Wakumu wa Masisi na Lubutu, walioshurutishwa kugema mpira wakati wa vita kuu, waliasi wakimfuata Bushiri. Nao walishindwa, tena hawana sinema. Je, shuruti ile ikawa haki kwa kuwa askari walishinda? La. Bunduki humwonyesha mwenye nguvu, haimwonyeshi mwenye haki. Walakini mwenye haki naye ataulizwa: alimwua nani, na kwa nini?