Kifuko Kilichobaki

Fundi alipomaliza kuunganisha kabati la dada yangu, sakafuni kulibaki kifuko kimoja cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na vyuma viwili vyenye umbo la L, skrubu nne na fisha za ukutani. Kabati lilikuwa limeshasimama, milango mitatu imekaa sawa, droo zinaingia na kutoka bila kukwaruza. Kwa macho yangu kazi ilikuwa imekwisha. Yeye akakiokota kile kifuko, akakigeuzageuza, akasema: "Hivi ni vya kulifunga ukutani. Vinataka drili, na drili sikuja nayo. Tulipatana kuunganisha tu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Mtu aliyelipwa kufanya sehemu ya kazi anawajibika vipi kwa sehemu ambayo hakulipwa, hasa pale anapoijua hatari kuliko aliyemlipa?

Dada amepanga vyumba viwili Kimara, anaishi na binti yake wa miaka mitatu, Nasra. Kabati alilinunua Kariakoo, likaletwa kwa bajaji likiwa ndani ya maboksi mawili bapa. Mimi, nikiwa na shahada moja na nusu ya pili, nilimwambia asitupe hela kwa fundi. Karatasi ya maelekezo ina picha, nikasema, nani anashindwa kufuata picha? Jumamosi usiku nilishindwa mimi. Vile vijiti vya mbao niliviweka upande usio wake. Kile kikufuli cha duara, kidogo kama kisoda, nilikikaza kabla nguzo yake haijaingia sawasawa, na tundu likachanika. Mbao zenyewe si mbao za kweli, ni chengachenga za mti zilizogandishwa kwa gundi. Tundu likishachanika, halishiki tena vizuri.

Jumapili jirani akatupa namba ya fundi. Alikuja mzee wa makamo, begi begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akataja elfu arobaini. Nikamshusha hadi ishirini na tano. Nilijivunia sana ule ustadi wangu wa kupatana.

Inafaa kueleza alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo ni rahisi kudhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Kabla hajagusa ubao wowote alipima urefu wa kuta hadi kwenye dari. Nilimuuliza kwa nini, wakati kabati lina sentimita 200 na dari liko juu zaidi. Akanijibu kwamba kabati huunganishwa likiwa limelazwa, na wakati wa kulisimamisha linapita kwa kona yake. Lenye kimo cha 200 na kina cha 60 linataka karibu 209 ili lisikwame darini. Kisha alihesabu skrubu zote na kuzipanga kwa mafungu juu ya kanga kuukuu. Lile tundu nililolichana alilijaza gundi na vipande vya njiti za kiberiti, akaliacha likauke, akaendelea na upande mwingine. Kabla ya kupigilia hadibodi ya mgongoni alipima fremu kona kwa kona, mara mbili, akaisukuma kidogo hadi vipimo viwili vikalingana. "Huu mgongo ndio unaolishika lisiende upande," alisema. "Ukiupigilia likiwa limepinda, milango haitafungana maisha."

Saa mbili na nusu, basi. Dada aliponong'ona kwamba elfu ishirini na tano kwa saa mbili na nusu ni nyingi, nilikubaliana naye. Usiku uliotangulia nilikuwa nimetumia saa tano kuharibu tundu moja.

Sasa turudi kwenye kifuko. Dada alisema mkataba wa nyumba unakataza kutoboa kuta. Mimi nikasema hamna shida, kabati ni zito, halitaenda popote. Fundi hakubishana. Alimwambia dada: "Mama Nasra, njoo ushike hapa." Akafungua milango yote mitatu na kuvuta droo zote mbili hadi mwisho, kisha akamwambia abonyeze droo ya juu kwa kiganja. Kabati likainama mbele. Halikuanguka, maana yeye alikuwa amelishika kwa juu, lakini tuliona miguu ya nyuma ikiachana na sakafu. "Likiwa tupu hivi linakuja," alisema. "Nguo zikijaa mlangoni na mtoto akapanda droo kama ngazi, litakuja vilevile."

Nikamuuliza drili ni kiasi gani. Akasema kuikodi, kurudi na kufunga, elfu kumi na tano. Nikasema tutafanya baadaye. Aliniangalia, akatoa solotepu kwenye begi, akakibandika kile kifuko upande wa ndani wa mlango wa katikati, usawa wa macho ya mtu mzima. Akachukua hela yake, akaaga.

Usiku ule nilimkasirikia. Hoja yangu ilikuwa hii: kama kweli alijua mtoto anaweza kuumia, aliwezaje kuondoka? Dhamiri gani inayohesabu elfu kumi na tano? Daktari akigundua ugonjwa mwingine wakati anatibu wa kwanza, hasemi "huo haukuwa kwenye bei." Kwa siku mbili niliiona hoja hii kuwa haina tundu.

Ilikuja kunivunjikia mkononi nilipoanza kuhesabu waliokuwa wamejua. Kiwanda kilijua, ndiyo maana kiliweka vyuma na mchoro wake kwenye ukurasa wa mwisho. Duka lilijua au lilipaswa kujua, likauza maboksi. Mwenye nyumba alikataza kutoboa bila kuuliza mpangaji ataweka nini. Dada alijua, baada ya kuiona miguu ikinyanyuka. Mimi nilijua. Kati ya watu hawa wote nilimchagua mwenye kipato kidogo kuliko wote, aliyekuja kwa daladala mbili, nikataka yeye ndiye alipe gharama ya dhamiri ya kila mtu.

Samani za kuunganisha nyumbani zina historia inayosaidia kulielewa hili. Katika miaka ya 1950, Gillis Lundgren, mfanyakazi wa IKEA ya Uswidi, aling'oa miguu ya meza ili ienee kwenye gari, na kampuni ikaigeuza njia hiyo kuwa biashara. Boksi bapa linachukua nafasi ndogo ghalani na kwenye lori, kwa hiyo bei inashuka. Lakini kazi ya kuunganisha haikufutika, ilihama kutoka kiwandani ikaenda kwa mnunuzi. Mwaka 2012 watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walionyesha kwamba watu huthamini zaidi kitu walichokiunganisha wenyewe, mradi wamefanikiwa kukimaliza. Ni kweli kwa anayebaki na kabati. Utafiti huo hauna la kusema juu ya mtu anayeunganisha makabati ya wengine, akaondoka na kwenda kwenye chumba ambacho nguo zinaning'inia kwenye msumari.

Pamoja na kazi, wajibu nao ulihama. Seremala wa Keko anayekutengenezea kabati la mninga anaulizwa yeye likilegea. Jina lake liko pale, na kibanda chake unakijua. Kabati la boksi linafika na wajibu ukiwa vipande vipande, kila mmoja ameshika kimoja, na hakuna aliyepewa mchoro wa kuviunganisha. Juni 2016, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa, IKEA ilitangaza nchini Marekani kurejeshwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29. Kabla ya hapo utetezi ulikuwa kwamba makabati ni salama yakifungwa ukutani kama maelekezo yanavyosema. Utetezi huo si uongo, ila unamwachia mzigo mtu wa mwisho, ambaye pengine ni mpangaji asiye na ruhusa ya kutoboa. Mwishoni mwa 2022 Marekani ilipitisha sheria ya STURDY, inayotaka samani za kuhifadhia nguo zipimwe uthabiti kabla ya kuuzwa. Maana yake, sehemu ya mzigo ilirudishwa kiwandani.

Je, basi fundi hakuwa na wajibu wowote? Hapana, sitaki kwenda huko. Mtu mwenye ujuzi ana deni ambalo asiye na ujuzi hana, na deni lake la kwanza ni kusema. Kusema kwenyewe kuna viwango. Angeweza kutaja kifuko huku akifunga zipu ya begi, nasi tukaitika bila kusikia. Yeye alihakikisha tumeona. Alitufanya tulishike kabati likianguka. Halafu akaacha kifuko mahali ambapo dada angekutana nacho kila asubuhi akitafuta blauzi. Nadhani hapo deni lake lilikuwa limelipwa. Kufanya kazi yenyewe bure kungekuwa wema, na wema ni mzuri, lakini ukiudai kutoka kwa mtu uliyemshusha bei unakuwa umebadilika jina.

Tahadhari kabla ya hatari, tuliimbishwa shuleni. Hatukuambiwa tahadhari ina bei, na kwamba mara nyingi ndiyo ya kwanza kukatwa.

Siku ya tatu dada alinipigia simu. "Kile kifuko kinaniangalia," alisema. Alikuwa ameshampigia mwenye nyumba, naye alikubali tundu nne kwa sharti zizibwe na kupakwa rangi siku ya kuhama. Nikampigia fundi. Alikuja jioni na drili ya kukodi, akatoboa, akagongea fisha, akakaza vyuma. Dakika ishirini. Nilipompa elfu kumi na tano niliomba radhi kwa kumsumbua safari mbili.

"Hamna tabu, binti," alisema. "Ile arobaini ya mwanzo ilikuwa na drili ndani yake. Uliposema ishirini na tano nikakwambia basi, nitaunganisha tu. Nilijua umeelewa."

Nilijaribu kukumbuka. Ndiyo, alisema "tu." Nililisikia kama mtu anavyosikia neno la kushindwa: mzee amekubali. Sikusikia kwamba ananieleza ninachokiacha. Kile nilichokiita ustadi wa kupatana kilikuwa kununua kabati linaloweza kumwangukia mtoto wa dada yangu, na kupokea chenji ya elfu kumi na tano.

Sisemi tusipatane bei. Mwanafunzi anayeishi kwa bumu hawezi kuhubiri hivyo na akaaminika, na mafundi wenyewe hutaja bei wakijua itashuka. Ila bei ikishuka, kuna kitu kinachoshuka nacho. Wakati mwingine ni faida tu. Wakati mwingine ni saa ya gundi kukauka, au kipimo cha pili cha kona kwa kona, au vyuma viwili vya ukutani. Anayejua ni kipi ni fundi. Anayepaswa kuuliza ni mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa na fundi bomba, bei ikawa juu ya uwezo wangu. Nilimuuliza: "Ukinishushia hadi hapo, unaondoa nini?" Alishangaa kidogo, akakaa kwenye ndoo, akaanza kunieleza.